Deni la Nyumbani na Njia za Kulimaliza

Deni la nyumbani ni fedha yoyote ambayo familia inadaiwa kwa sababu ya maisha yake ya kila siku. Ndani yake umo unga na mafuta yaliyochukuliwa dukani kwa daftari, kodi ya pango iliyochelewa, mkopo wa mshahara wa benki, marejesho ya kikundi, salio lililokopwa kwenye simu, na fedha ya ndugu iliyoahidiwa kurudi mwisho wa mwezi. Madeni haya hayafanani. Mkopo wa kununua cherehani, mbegu au bati huacha kitu mkononi, na mara nyingi kitu hicho husaidia kuulipa. Mkopo wa chakula, nauli, sherehe au kodi huisha siku ile ile, lakini marejesho yake hukaa miezi. Huu wa pili ndio unaozilemea nyumba nyingi za Afrika Mashariki.

Ukiuchunguza, utagundua kwamba mara nyingi haukusababishwa na jambo la ghafla. Kodi ina tarehe yake, shule ina tarehe yake, na sikukuu zinajulikana mwaka mzima. Familia inayozitambua gharama hizo mapema, na kuzizungumza waziwazi mbele ya wote wanaokula chungu kimoja, huwa imeshaanza kutoka kwenye deni hata kabla kipato chake hakijaongezeka.

Deni linavyoingia nyumbani

Chanzo cha kwanza ni tofauti kati ya namna fedha inavyoingia na namna inavyotakiwa kutoka. Mkulima huuza mavuno mara moja au mbili kwa mwaka. Mama lishe, fundi na dereva wa bodaboda hupata chao siku kwa siku. Mwenye mshahara hupokea mara moja kwa mwezi. Matumizi makubwa hayafuati mpangilio huo. Katika miji ya Tanzania wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, hivyo chumba cha shilingi 80,000 kwa mwezi humtaka mpangaji awe na 480,000 kwa siku moja. Mtu anayepata 15,000 kwa siku hawezi kuzipata wiki ile kodi inapoisha, ila kwa kukopa.

Januari huja na yake. Serikali ya Tanzania iliondoa ada katika shule zake hadi kidato cha nne kuanzia 2016, na kidato cha tano na sita kuanzia 2022. Hata hivyo sare, viatu, madaftari, nauli na michango ya chakula hubaki kwa mzazi, tena hudaiwa pamoja, wiki chache tu baada ya Krismasi na mwaka mpya. Kwa mkulima, miezi hiyo ndiyo ya kununua mbegu na mbolea, wakati ghala limeanza kupungua.

Kisha ipo michango. Harusi, send-off, kipaimara, maulidi na misiba ni sehemu ya utu wa jamii, na anayechangia leo huchangiwa kesho. Tatizo huanza pale kadi tatu za mchango zinapofika katika mwezi mmoja na kila moja ikapewa ahadi kwa kuona haya. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, kwa sababu furaha ya siku ya kukopa haifiki siku ya kulipa.

Ugonjwa na kifo ndizo dharura za kweli. Hizi hazina tarehe, na familia ambayo imeshakopa kwa ajili ya kodi na sare hukutana nazo ikiwa mikono mitupu.

Mikopo ya simu imeurahisisha mno mlango wa kuingilia deni. Novemba 2012, Safaricom na Commercial Bank of Africa walianzisha M-Shwari nchini Kenya, ikimwezesha mtu kukopa kwa kubonyeza simu, bila dhamana wala kujaza fomu. Mwaka 2014 Vodacom na benki hiyo hiyo walileta M-Pawa Tanzania. Januari 2019 ikaja Fuliza nchini Kenya, ambayo hujazia malipo pale salio lisipotosha, na Tanzania ikapata Songesha inayofanya kazi ya namna hiyo. Huduma hizi zimeokoa watu usiku wa manane mgonjwa alipohitaji dawa. Lakini urahisi huo huo umefanya mikate, vocha na nauli vinunuliwe kwa mkopo, siku baada ya siku, mpaka kila fedha inayoingia kwenye simu inakatwa kabla mwenyewe hajaigusa.

Mitaani kuna wakopeshaji wanaojulikana Tanzania kwa jina la kausha damu. Hawa hukopesha haraka, hukusanya marejesho kila siku au kila wiki, na wengi wa wateja wao ni wanawake wa biashara ndogo ambao hudhaminiana katika kikundi. Mmoja akishindwa, wenzake hulipa, au vyombo vya nyumbani hubebwa.

Bei halisi ya mkopo

Watu wengi huuliza swali moja tu kabla ya kukopa: kila siku nitarejesha kiasi gani? Swali hilo huificha bei ya mkopo. Chukua mfano wa mama aliyepewa shilingi 100,000 na kutakiwa kurejesha 5,000 kwa siku 26. Atarejesha jumla ya 130,000. Inaonekana kama riba ya asilimia 30 kwa mwezi, nayo ni kubwa tayari. Lakini hakukaa na ile 100,000 mwezi mzima. Tangu siku ya kwanza alianza kuirudisha, na kufikia katikati ya mwezi alibaki na karibu nusu yake tu. Ukilipigia hesabu salio analobaki nalo kila siku, riba hiyo inafika takriban asilimia 2 kwa siku.

Benki Kuu ya Tanzania imeweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana. Kwa kikomo hicho, 100,000 ya mwezi mmoja huzaa riba ya 3,500. Tofauti kati ya 3,500 na 30,000 ni ada ya kukopa kwa haraka mahali pasipo na leseni.

Namna riba inavyokokotolewa nayo ina uzito. Mkopo wa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi inayopigwa juu ya kiasi chote cha mwanzo, huzaa riba ya 42,000 kila mwezi, sawa na 504,000 kwa mwaka. Mkopo huo huo, kwa kiwango hicho hicho, ukipigiwa riba juu ya salio linalopungua huku mkopaji akirejesha 100,000 ya mtaji kila mwezi, huzaa riba ya 273,000. Karatasi zote mbili zimeandikwa asilimia 3.5, lakini moja inamgharimu mkopaji 231,000 zaidi. Swali la kuuliza mezani kwa mkopeshaji ni hili: hadi siku ya mwisho, nitakuwa nimelipa jumla ya shilingi ngapi, pamoja na ada ya fomu, bima na faini?

Mikopo midogo ya simu huhitaji hesabu ya aina hiyo. M-Shwari ilianza kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Kwa 1,000 ni 75 tu, na mtu haoni uzito wake. Anayeukopa upya kila mwezi kwa mwaka mzima hulipa 900, karibu sawa na fedha yenyewe aliyokuwa akiizungusha.

Kuliweka deni wazi

Hatua ya kwanza ya kulimaliza deni ni kuliandika lote. Daftari la kawaida la shule linatosha. Kila deni hupewa mstari wake: anayedai, kiasi kilichobaki, riba, marejesho yanayofuata, na dhamana iliyowekwa. Madeni ya dukani, ya jirani na ya ndugu huandikwa pia, kwa sababu hayo ndiyo husahaulika na ndiyo huvunja udugu.

Daftari hilo linapaswa kufunguliwa mbele ya mke na mume, na mbele ya watoto wakubwa kwa kadiri inavyofaa. Jambo hili ni gumu. Mume huficha mkopo wa mshahara asionekane ameshindwa. Mke huficha marejesho ya kikundi kwa kuogopa ugomvi. Kila mmoja hukopa kwa siri ili kuziba pengo lililoachwa na siri ya mwenzake, na nyumba moja hulipa riba mara mbili kwa shida ileile. Aibu ndiyo inayowapa wakopeshaji wa mitaani wateja wao wengi, maana anayetaka jambo lisijulikane hawezi kwenda kwenye kikundi au benki inayouliza maswali. Wanandoa wanaoweza kukaa chini na kusema bila kulaumiana, “Tunadaiwa kiasi hiki,” hupata kitu ambacho mkopeshaji hawezi kuwapa: nafasi ya kupanga pamoja.

Baada ya madeni huandikwa mapato, na kwa muda wa mwezi mmoja matumizi yote, hadi vocha, maandazi na nauli ya bodaboda. Mwisho wa mwezi familia huona fedha inakokwenda. Mara nyingi kinachoshangaza si jambo kubwa lolote, ni wingi wa vidogo.

Mpangilio wa kulipa

Dawa ya deni ni kulipa, ila mpangilio wa kulipa huamua dawa itaponya kwa muda gani. Tuseme familia inadaiwa 150,000 na mkopeshaji wa mtaani, 40,000 kwenye simu, 60,000 dukani, 200,000 na shemeji, na 900,000 katika SACCOS, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Jumla ni 1,350,000. Kila mdai hupewa marejesho yake ya lazima. Fedha ya ziada inayopatikana, hata ikiwa 20,000 kwa wiki, yote huelekezwa kwenye deni moja lenye riba kubwa zaidi, ambalo hapa ni la mtaani. Likiisha, marejesho yake yote huongezwa kwenye la simu, kisha kwenye linalofuata kwa riba, na kuendelea. Kadiri madeni yanavyofungwa, ndivyo fedha ya kulipia linalofuata inavyoongezeka.

Wapo wanaopendelea kuanza na deni dogo kuliko yote, hata kama riba yake si kubwa, ili waone jina moja limefutwa. Njia hiyo hugharimu kidogo zaidi, lakini kwa aliyekata tamaa ushindi wa mapema humtia moyo wa kuendelea. Njia iliyo mbaya ni ile ya kumpa fedha mdai anayepiga kelele zaidi.

Kukopa ili kulipa deni huwa hatari, isipokuwa katika hali moja: mkopo mpya uwe na riba ndogo kwa wazi, na ule wa zamani ufungwe kabisa siku hiyo hiyo. Deni la 150,000 lenye riba ya asilimia 30 kwa mwezi hula 45,000 kila mwezi. Likihamishiwa kwenye kikundi kinachotoza asilimia 2, riba ya mwezi wa kwanza ni 3,000. Akiba inayopatikana ielekezwe kwenye mtaji, isitumike kufungulia deni jingine.

Mdaiwa anayeona hatafikisha tarehe afanye mazungumzo kabla tarehe haijafika. Benki na SACCOS huweza kuongeza muda au kupunguza marejesho kwa anayefika mapema na maelezo ya kipato chake. Mwenye duka naye hupendelea 5,000 ya kila wiki yenye uhakika kuliko ahadi kubwa isiyotimia. Makubaliano mapya yaandikwe na kila malipo yapewe risiti au ujumbe wa simu unaotunzwa.

Haki za anayedaiwa

Kudaiwa hakumwondolei mtu haki zake. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya Tanzania ya mwaka 2018 inamtaka kila anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni au awe amesajiliwa. Sheria hiyo iligawa watoa huduma katika madaraja manne: taasisi zinazopokea amana, wakopeshaji wasiopokea amana, SACCOS, na vikundi vya kijamii kama VICOBA. Benki Kuu hutangaza orodha ya wenye leseni, na mwaka 2024 ilizipiga marufuku programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Nchini Kenya, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 ziliwataka wakopeshaji wa kidijitali wapate leseni na kuwakataza kumtishia mdaiwa au kumwaibisha kwa kuwapigia watu walio kwenye orodha ya namba zake.

Mshahara nao una kinga. Mtumishi wa umma Tanzania hapaswi kubaki na chini ya theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inazuia makato kuzidi theluthi mbili ya ujira. Kumwachia mkopeshaji kadi ya benki pamoja na namba ya siri ni kuitupa kinga hiyo kwa mkono wako mwenyewe.

Nyumba ya familia haiwezi kuwekwa rehani na mwanandoa mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 imesema hivyo wazi. Hata mahakama inapotoa hukumu ya kukamata mali, sheria za mwenendo wa mashauri ya madai za Tanzania na Kenya hazigusi nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa, mwenzi wake na watoto. Mama aliyebebewa sufuria na godoro la mtoto na watu wasio na amri yoyote ana sababu ya kwenda kulalamika, na hana sababu ya kuona haya.

Kupunguza matumizi bila kuumiza nyumba

Chakula ndicho huchukua sehemu kubwa ya bajeti ya familia yenye kipato kidogo, kwa hiyo ndicho cha kuanzia. Kinachopaswa kupungua ni bei inayolipwa, lishe ibaki. Mafuta ya kipimo, sukari ya robo na mkaa wa kopo huuzwa kwa bei ndogo machoni, ila ukijumlisha hadi lita, kilo au gunia, bei huwa juu kuliko ya jumla. Asiye na mtaji wa kununua kwa wingi anaweza kuungana na majirani wawili au watatu, wakanunua gunia la mkaa au dumu la mafuta na kugawana.

Mahindi na maharage hushuka bei baada ya mavuno na kupanda miezi ya mwisho wa mwaka. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, inayofahamika kama kinga njaa, huhifadhi nafaka kwa miezi mingi bila dawa ya wadudu, mradi ziwe zimekaushwa vizuri. Dona hutoa unga mwingi kuliko sembe kwa kiasi kile kile cha mahindi, na hubaki na virutubisho ambavyo kukoboa huviondoa. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva haraka na kuokoa mkaa au gesi. Dagaa, mayai, maharage na mboga za majani visipunguzwe kwenye sahani ya mtoto mdogo au ya mama mjamzito, kwa sababu gharama ya utapiamlo huja baadaye na ni kubwa zaidi.

Yapo matumizi yanayoweza kuguswa bila madhara: vifurushi vya simu vya siku, ambavyo vikijumlishwa hupita bei ya kifurushi cha mwezi, king’amuzi kinacholipiwa na hakitazamwi, soda, vitafunwa vya njiani, sigara na pombe, nguo mpya za sherehe zinazofanana. Michango ya harusi inaweza kuwekewa kikomo cha mwaka, familia ikaamua mapema jumla itakayotoa na kuwagawia ndugu wa karibu kwanza. Kumwambia mtu kwa heshima kwamba utatoa 20,000 badala ya 50,000 huhifadhi udugu kuliko kuahidi na kutotoa.

Yapo pia ya kutokuguswa: dawa za ugonjwa wa kudumu, bima ya afya, nauli ya kwenda kazini, na mahitaji ya msingi ya shule. Anayekata haya huahirisha gharama kwa riba.

Akiba inayozuia deni jipya

Kulipa madeni bila kuweka akiba humrudisha mtu kwa mkopeshaji shida inayofuata ikitokea. Ndiyo maana, hata wakati wa kulipa, kiasi kidogo hutengwa kwa mafungu mawili. La kwanza ni la gharama zenye tarehe. Kodi ya 480,000 kwa miezi sita ni 80,000 kwa mwezi, au takriban 2,700 kwa siku. Mahitaji ya shule ya 120,000 kila Januari ni 10,000 kwa mwezi kuanzia Januari iliyotangulia. Fungu la pili ni la dharura, nalo lianze na lengo dogo, mathalani gharama za nyumba za wiki mbili. Mafungu haya yakae mahali pasipofikika kirahisi kama salio la kawaida la simu.

Vikundi husaidia sana hapa. Katika upatu au chama cha mzunguko, kila mwanachama huchanga na mmoja hupokea kwa zamu. Hakuna riba, na zamu inaweza kupangwa iangukie mwezi wa kodi. VICOBA imetokana na mfumo ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991: wanachama hununua hisa, hukopeshana, huchangia mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na magonjwa, na mwisho wa mzunguko hugawana akiba pamoja na riba. Riba inayolipwa huko hurudi kwa wanachama wenyewe. SACCOS hukopesha kwa kuzingatia akiba ya mwanachama, na kwa hiyo humjengea nidhamu kabla ya mkopo.

Kwa mtaji wa biashara, halmashauri za Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kenya ilianzisha Hustler Fund mwishoni mwa Novemba 2022 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, huku sehemu ya kila mkopo ikiwekwa akiba ya mkopaji.

Kabla ya mkopo wowote mpya, familia ijiulize mambo manne: Je, fedha hii inanunua kitu kitakachodumu kuliko marejesho yake? Jumla ya kurejesha ni kiasi gani? Itatoka kwenye mapato gani yanayojulikana? Na je, mwenzi wangu anajua? Likikosekana jibu la mojawapo, mkopo huo usubiri.